Ulipataje namba hiyo? Mwongozo kamili wa kuchagua, kujaribu na kutetea kipimo cha utafiti

Kati ya 2007 na 2008, watafiti nchini Tanzania waligawa kaya 4,000 kwa bahati nasibu katika makundi manane. Makundi yote yaliulizwa jambo moja, matumizi ya kaya, ila kila kundi kwa namna yake. Wapo waliopewa shajara ya siku 14, ama moja kwa kaya nzima au kila mtu mzima na yake. Wapo walioulizwa wakumbuke siku 7 zilizopita, wengine siku 14, wengine "mwezi wa kawaida". Baadhi walisomewa orodha ndefu ya vyakula, wenzao fupi. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa nasibu, hali halisi ya maisha ilikuwa ileile kila upande. Namba zilizorudi hazikulingana. Wastani wa matumizi ulipanda na kushuka kwa kufuata dodoso, na idadi ya kaya zilizohesabiwa kuwa maskini nayo ikabadilika kiasi ambacho, kingetokea kati ya miaka miwili, wizara ingekitangaza kuwa ni mafanikio makubwa au ni janga.

Naanza na jaribio hili kwa sababu linajibu swali ambalo wanafunzi wengi wa uzamili huliahirisha hadi siku ya kutetea tasnifu: ulipataje namba hiyo? Jibu lake huamuliwa miezi mingi kabla, siku unapochagua kifaa, unapotunga swali na unapoweka mpaka wa nani ahesabiwe. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata kazi yenyewe, na zinamfaa anayehoji wakulima sawa na anayefanya kazi wodini au anayetumia takwimu zilizokusanywa na wengine.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua kabla ya kutaja kifaa

Chukua karatasi uandike sentensi moja isiyo na jina la dodoso, mashine wala faharasa. Kwa mfano: "Nataka kujua ni wanawake wangapi wa wilaya hii wanafanya kazi." Kisha ihoji sentensi hiyo mpaka ichoke. Kazi ipi? Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva uliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au ya faida. Mama anayelima mahindi na maharage hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anafanya kazi, ila hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Kwa ufafanuzi wa 1982 angeweza kuwemo. Hajabadilisha jembe wala shamba, lakini ametoka kwenye jedwali moja na kuingia jingine. Anayelinganisha ajira ya vijijini kwa miaka mingi bila kujua jambo hili ataona anguko ambalo halikutokea.

Namna ya kuuliza nayo ina nguvu zake. Katika jaribio jingine la dodoso Tanzania, kumhoji mtu mmoja kwa niaba ya mwenzake kulipunguza idadi ya wanaume waliohesabiwa kuwa kazini. Dodoso fupi, lisilo na maswali ya kuchuja, lilipunguza idadi ya wanawake. Ukiulizwa kwa mkato "kazi yako kubwa ni ipi?", ni rahisi kujibu "mama wa nyumbani" hata kama asubuhi hiyo umepalilia na jioni utauza mandazi.

Zoezi ninalolipenda kwa hatua hii: andika watu watano wenye utata, kisha amua kwa kila mmoja kama yumo au hayumo. Kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake imeharibika wiki nzima. Mvuvi aliyekaa nchi kavu kwa sababu ya pepo za kusi. Mwanafunzi anayesaidia dukani kwa mjomba wake wakati wa likizo, bila malipo. Mama mkulima wa hapo juu. Fundi anayesubiri simu ya mteja. Kama wewe na msaidizi wako hamkubaliani juu ya wawili kati yao, ufafanuzi haujakamilika, na hakuna programu ya takwimu itakayoukamilisha baadaye.

Hatua ya 2: Fuata namba tangu inapozaliwa

Kwa kila taarifa unayokusanya, andika nani anaitoa, kwa niaba ya nani, kuhusu kipindi gani, na muda gani baada ya tukio. Tafiti nyingi zinapotea hapa, na mfano bora niujuao unatoka mkoani Mara.

Watafiti walitaka kujua saa ambazo watu hutumia shambani. Kaya za kundi moja zilihojiwa kila wiki msimu mzima. Za kundi jingine zilihojiwa mara moja tu baada ya mavuno, kama tafiti nyingi za kilimo zinavyofanya. Walioulizwa mwishoni walitaja saa ambazo, kwa kila mtu na kwa kila kipande cha shamba, zilifika hadi mara nne ya zile za waliohojiwa kila wiki. Lakini ukijumlisha kazi ya kaya nzima, tofauti inatoweka. Sababu ni kwamba walioulizwa baada ya mavuno walisahau baadhi ya vipande vya shamba na baadhi ya watu waliolima, huku wakiongeza saa za wale waliowakumbuka. Makosa mawili yalivutana pande mbili yakafutana.

Tafakari maana yake. Mtafiti anayetaka jumla ya kazi ya kaya anaweza kuridhika na mahojiano ya mwisho wa msimu. Anayetaka kujua tija ya mkulima mmoja kwa saa, kwa data zilezile, atapata jibu la uongo: atamwona mkulima anatumia saa nyingi kuzalisha kidogo. Hoja kwamba kilimo cha Afrika kina tija duni mno kuliko sekta nyingine imejengwa kwa sehemu juu ya saa za namna hii. Kwa hiyo kipimo hakihukumiwi peke yake, kinahukumiwa pamoja na swali kinalolijibu.

Kwa vitendo, mambo yanayotokea kila siku, kama chakula na nauli, yaulizie siku chache. Makubwa na ya nadra, kama bati, mazishi na ada ya shule, yanahitaji kipindi kirefu, pengine miezi 12. Jihadhari na tabia ya kumbukumbu kusogeza tukio kubwa karibu: kitanda kilichonunuliwa miezi 14 iliyopita hutajwa kana kwamba ni cha mwaka huu. Dawa yake ni kuitembelea kaya mara mbili, ziara ya kwanza iwe alama ya mwanzo. Ukishindwa, tumia alama ambazo watu wenyewe wanazo, kama tangu Idi, tangu masika yaanze, au tangu shule zifunguliwe.

Hatua ya 3: Pima vizio vya mtaani mwenyewe

Watu hawavuni kilo. Wanavuna magunia na madebe, wananunua mafungu, makopo na visado. Gunia la mahindi kwa kawaida huhesabiwa kilo 100 Tanzania na kilo 90 Kenya, na lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo Tanzania umeipiga vita kwa miaka, huzidi kipimo halali bila kuwa na kiwango kinachojulikana. Ukiandika tu "magunia 8", umeandika namba isiyo na kizio.

Nenda sokoni na mizani. Nunua fungu la nyanya, la dagaa na la mchicha kwa wauzaji kadhaa, pima, andika wastani na pia upana wa tofauti. Rudi msimu mwingine, kwa sababu bei ikipanda wauzaji wengi huona afadhali kupunguza fungu kuliko kumtajia mteja bei mpya. Asiyerudi ataona watu wanakula kiasi kilekile msimu wa njaa na msimu wa mavuno.

Saa pia ni kizio. Kwenye fomu za wodini na za matumizi ya muda, "saa 2" inaweza kuwa saa 08:00 au saa 20:00 kwa hesabu yetu, au saa 14:00 kwa anayefuata saa ya kizungu. Weka kwenye fomu mfumo mmoja wa saa 24 na umfundishe kila mhoji jinsi ya kugeuza.

Ardhi ndiyo inayostahili subira kubwa. Kwa miongo mingi wachumi wa kilimo wamebishana juu ya jambo moja: inaonekana mashamba madogo hutoa mavuno mengi zaidi kwa ekari kuliko makubwa. Sera za ardhi zimetegemea ubishi huo. Sasa, mavuno kwa ekari ni mavuno yaliyogawanywa kwa eneo, na vyote viwili kwa kawaida hutoka mdomoni mwa mkulima. Nchini Uganda eneo lilipopimwa kwa GPS, ilionekana kwamba wenye mashamba madogo walikuwa wametaja eneo kubwa kuliko lilivyo, na wenye makubwa walitaja dogo. Kosa hilo lilikuwa linashusha mavuno kwa ekari ya mashamba madogo, kwa hiyo lilipoondolewa ubora wa shamba dogo ulizidi kuonekana. Wengi walidhani mjadala umeisha.

Baadaye watafiti wakageukia upande wa juu wa mgawanyo, yaani mavuno. Ethiopia na tena Uganda, badala ya kuuliza umevuna magunia mangapi, walivuna na kupima wenyewe mraba mdogo uliochaguliwa kwa nasibu ndani ya shamba. Safari hii ubora wa shamba dogo ulififia, na kwa data za Ethiopia ulitoweka. Kumbe wakulima wa vipande vidogo walikuwa wakikadiria mavuno kupita kiasi. Swali lilikuwa lilelile, na kila kosa lililoondolewa liligeuza jibu. Ukikutana na matokeo yoyote ya "kitu kwa kitu", yawe mavuno kwa ekari, vifo kwa vizazi hai au wagonjwa kwa daktari, kagua juu na chini kwa makini sawa. Na ukipima kwa GPS, zunguka mpaka wote kwa miguu na ujue kwamba kwenye vipande vidogo sana kifaa chenyewe kinayumba. Huko kamba au futi ya kupimia bado ina kazi.

Hatua ya 4: Uliza kifaa kinakosea kwa nani

Kifaa kinachokosea kwa kila mtu sawasawa kina madhara madogo kuliko kinachokosea kwa kundi moja. Mfano wa kwanza ni kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha kipimo hicho na damu ya mshipa wa ateri kwa wagonjwa ambao kidole kilionyesha kati ya asilimia 92 na 96. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 kwa kweli walikuwa chini ya 88. Miongoni mwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Utafiti wowote unaotumia kifaa hicho kuamua nani ni mgonjwa mahututi umeshawaacha nje watu fulani kabla uchambuzi haujaanza. Kwetu Afrika Mashariki suala hili linawagusa karibu wagonjwa wote.

Mfano wa pili ni wa hesabu tupu. Kanuni ya kukadiria utendaji wa figo iliyotoka Marekani 1999, katika toleo lake fupi lililofuata, ilizidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.212, kwa dhana kuhusu Wamarekani weusi. Mgonjwa mwenye 52 alipanda hadi 63, akavuka mpaka wa 60, akaonekana hana tatizo. Kanuni hiyo ilisafiri hadi maabara za Afrika, ambako haikuthibitishwa kwanza. Kanuni mpya ya 2021 imeondoa kigezo cha rangi, lakini data za zamani bado zimo kwenye mafaili. Ukizitumia, tafuta kiwango cha kreatinini chenyewe, yaani taka ya damu ambayo kanuni huanzia, ukakokotoe upya.

Kwa malaria, kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kinafaa kumtambua mgonjwa wa leo, lakini hakifai kuhesabu maambukizi mapya kwa mtu aliyetibiwa karibuni. Darubini haiachi alama hiyo ila hukosa vimelea vichache, na PCR, kipimo cha vinasaba, huviona hata visivyomuumiza mtu. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na viwango vitatu vya malaria kwa siku moja, na vyote vikawa sahihi kwa swali lake.

Hatua ya 5: Tunza namba ghafi, mipaka huhama

Novemba 2017 vyama vya madaktari wa moyo Marekani vilishusha mpaka wa shinikizo la damu kutoka 140/90 hadi 130/80. Kwa hesabu zao, watu wazima wenye shinikizo la juu walitoka takriban asilimia 32 hadi 46 ya watu wazima wote, pasipo mshipa wa mtu yeyote kubadilika. Aliyeandika "ndiyo" au "hapana" peke yake hawezi kulinganisha chochote tena. Aliyeandika 134/82 anaweza. Fanya vivyo hivyo kwa umri (tarehe ya kuzaliwa, si kundi la umri), kwa mapato, na kwa mzunguko wa mkono wa mtoto: andika sentimita 11.3, usiandike rangi ya utepe, "nyekundu", tu. Kubana data kwenye fomu hulipwa kwa gharama kubwa kwenye uchambuzi.

Hatua ya 6: Jaribu kipimo kabla hakijakujaribu

Wape wapimaji wawili watu walewale, kila mmoja apime bila kuona jibu la mwenzake, kisha kila mmoja arudie. Watu 20 au 30 wanatosha kukuonyesha kama kuna tatizo. Usiridhike na uwiano (korelesheni) mkubwa kati ya majibu ya wawili hao. Wanatakwimu Bland na Altman walieleza mwaka 1986 kwa nini: mizani inayoongeza kilo 2 kwa kila mtu ina uwiano kamili na mizani sahihi, na bado ni mbovu. Chora tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake, uone kama tofauti inazunguka sifuri na kama inapanuka kadiri namba inavyokua.

Kisha kagua tarakimu za mwisho. Mashine ya kidijitali ya shinikizo la damu inapaswa kutoa namba zinazoishia na 0 karibu mara moja katika kila kumi. Ya zebaki, yenye mistari ya mbili mbili, karibu mara moja katika kila tano. Ukikuta nusu ya vipimo vinaishia na 0, muuguzi anakadiria. Kwenye umri utaona milima ya 30, 40, 50 na vilima vya 35 na 45. Wanademografia huupima mrundikano huo kwa faharasa ya Whipple, na hukaguliwa katika takriban kila sensa. Ukaguzi huu ufanye kila jioni katika wiki ya kwanza ya kazi, kwa kila mhoji peke yake, wakati bado kuna nafasi ya kumfundisha upya. Ukingoja data zote ziingie, utabaki na uwezo wa kuandika aya ya udhaifu tu.

Hatua ya 7: Usibadilishe kifaa bila kuviendesha viwili pamoja

Katika kumbukumbu za joto la dunia kulikuwa na mporomoko wa ghafla mwishoni mwa 1945, takriban nyuzi 0.3. Maelezo yalipatikana 2008, na hayakuwa ya hewa. Wakati wa vita vipimo vingi vya joto la bahari vilichukuliwa na meli za Marekani kwenye maji yanayoingia chumba cha injini, penye joto. Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ikachukuliwa na meli za Uingereza zilizochota maji kwa ndoo, na maji ya ndoo hupoa yakipulizwa na upepo kabla hayajapimwa. Kila kituo cha hali ya hewa kinachohama kutoka kipimajoto cha kioo kwenda cha elektroniki kinakabiliwa na jambo hilohilo.

Uchumi nao unajua mapengo hayo. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa msingi wa hesabu za taifa kutoka 2001 hadi 2009, pato la taifa likaonekana kubwa zaidi kwa takriban robo, na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati cha chini. Shughuli zilizokuwa hazionekani vizuri ndizo zilizohesabiwa. Kwa hiyo ukichora mstari wa miaka mingi, weka alama kila mahali mbinu ilipobadilika, na uwiano wa deni au kodi kwa pato la taifa usiulinganishe kabla na baada ya alama hiyo bila marekebisho. Kama mabadiliko ni yako mwenyewe, tumia vifaa vyote viwili kwa kipindi kinachopishana, msimu mzima ikiwezekana.

Hatua ya 8: Angalia kama kipimo kimekuwa shabaha

Shule ikihukumiwa kwa asilimia ya ufaulu, mwanafunzi dhaifu hushawishiwa asijisajili kwa mtihani. Mtafiti akihukumiwa kwa faharasa ya h, inayounganisha idadi ya makala zake na mara zilivyonukuliwa, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch 2005, atagawa makala moja kuwa tatu na kujinukuu. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu tathmini ya utafiti, liliomba vyuo viache kumpima mtu kwa hadhi ya jarida alilochapisha. Kabla ya kutumia takwimu za ofisi yoyote, uliza kama kuna anayelipwa, kupandishwa cheo au kuadhibiwa kwa namba hiyo. Kama yupo, tafuta chanzo cha pili kisichomhusu.

Hatua ya 9: Andika ili mwingine aweze kurudia

Sentensi "uzito wa watoto ulipimwa" haitoshi. Iga mfano huu, ukibadilisha namba kwa za kwako: "Uzito ulipimwa kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 100, iliyohakikiwa kila asubuhi kwa jiwe la kilo 5. Kila mtoto alipimwa mara mbili bila viatu, akiwa na nguo nyepesi. Vipimo vilivyopishana zaidi ya gramu 200 vilirudiwa, na wastani wa viwili vilivyokaribiana ulitumika." Mistari michache tu, lakini mkaguzi anaona kila kitu. Chini yake eleza kosa lililobaki unaamini linavuta jibu upande gani, juu au chini, na kwa kundi lipi. Wengi huandika "huenda kuna makosa ya upimaji" wakaishia hapo, na msomaji anabaki hajui kama matokeo yamekuzwa au yamepunguzwa.

Mwisho, pamoja na data hifadhi kamusi yake: jina la kila safu, kizio, swali lenyewe, nani alijibu, na tarehe ya mabadiliko yoyote ya fomu. Ambatisha maelekezo waliyopewa wahoji na majedwali yako ya kugeuza mafungu na madebe kuwa kilo. Dodoso liambatishwe katika lugha lililosomwa kijijini, Kiswahili, Kikurya au Kisukuma, hata kama jarida linataka tafsiri tu, kwa sababu maneno hayo ndiyo mhojiwa aliyoyasikia na kuyajibu.